Neno Kando ya Albumini

Nimekulia Dodoma, na kwa sababu hiyo nilijiona mjuzi wa njaa. Utotoni mwangu kulikuwa na miaka ambayo mvua iligoma, mama akapika uji mwepesi hadi ukaona chini ya bakuli, nasi tukalazwa mapema ili tusiombe tena. Kwa hiyo nilipopangiwa kazi ya maabara huku nyanda za juu za Kigoma, kwanza Kibondo, kisha kituo kimoja cha afya upande wa Kasulu ambacho sitakitaja, kitu cha kwanza kilichonikera ni ukijani. Migomba inafika mlangoni. Maharage yanavunwa mara mbili kwa mwaka, parachichi zinaoza chini ya miti, dagaa wa ziwani wanaletwa kwa magunia. Halafu wodini kwetu wanaingia watoto waliovimba miguu, nywele zimekuwa rangi ya kutu. Nilikasirika, na sina namna nyingine ya kulisema. Kila nilipomfunga mtoto wa namna hiyo mpira mkononi ili nimtoe damu, nilikuwa nimemkasirikia mama yake.

Mtoto aliyevimba hupimwa vitu vingi kwetu, na kimojawapo ni albumini. Ni protini inayotengenezwa na ini, inaelea kwenye damu na husaidia kuyashikilia maji yasitoke nje ya mishipa. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto asiyepata chakula cha kutosha albumini yake hushuka. Mashine yangu ya kemia hutoa namba, mimi naijaza kwenye fomu ya majibu, natia sahihi, kazi imekwisha. Kusema namba ile ina maana gani ni kazi ya tabibu.

Lakini kituo chetu kina tabibu mmoja tu, anayegawanyika kati ya wodi ya wazazi, wagonjwa wa nje na chumba kidogo cha upasuaji. Wauguzi walikuwa wakija dirishani kwangu na fomu mkononi, wananiuliza hii namba ni nzuri au mbaya. Nilichoka kuulizwa. Nikaanza kuandika kwa penseli, kando ya namba, neno moja kwa herufi kubwa. SAWA. UGONJWA. NJAA. Tabibu alipoona alicheka, akasema nimemrahisishia maisha. Baada ya miezi michache hakuna aliyesoma namba tena, wote walitafuta neno. Nilivimba kichwa, siwezi kukataa. Kwenye kituo ambacho mtu wa maabara ni wa kutumwatumwa, mimi nilikuwa nasikilizwa.

Sasa, kuna jambo nililolijua vizuri na nikajitia kulisahau. Albumini haishuki kwa njaa peke yake. Ini ni kama nyumba yenye msiba: kazi za shamba zinasimama, kila mtu anashughulikia wageni. Vijidudu vikiingia mwilini, ini huweka kando kazi ya albumini na kuanza kutoa protini nyingine za kupigana navyo. Mojawapo ya hizo tunaiita CRP. Kwa hiyo ukiona albumini iko chini, hujajua kitu bado. Unatakiwa uiangalie CRP pia. Kama nayo iko chini, inawezekana kweli ni chakula. Kama iko juu, tafuta ugonjwa, utafute hata kama mtoto hana homa, maana mtoto aliyedhoofika sana wakati mwingine anakosa hata nguvu za kupandisha joto. Hili nililifanyia mtihani na nikafaulu.

Tatizo ni kwamba vitendanishi vya CRP, yaani dawa za kukipimia, vilikuwa vinakuja kwa kubahatisha. Kichupa kikibaki nusu nilikuwa nakibania. Nilikitunzia wajawazito na wagonjwa ambao tabibu mwenyewe ameandika kwamba anataka kipimo hicho. Kwa watoto waliovimba nilitumia macho yangu. Nilimwangalia mtoto, nikamwangalia mama, nikajua. Niliona Dodoma imenitosha.

Mama ninayetaka kumweleza alikuja asubuhi moja ya masika kutoka Rungwe Mpya, na mtoto wa kike wa miaka miwili hivi mgongoni. Wazazi wake walikimbia Burundi, yeye amezaliwa huku, ameolewa huku, na ni raia. Alikuwa msafi sana. Nakumbuka hata hilo nililihesabia kosa, kwamba amepata muda wa kupiga pasi kitenge na mtoto wake miguu imejaa maji.

Nilipokuwa natafuta mshipa kwenye kile kimkono, alianza kunieleza. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, Kiha kikiwa ndani yake. Alisema mtoto alianza kuumwa kabla ya kitu kingine chochote. Alikuwa analia akibebwa upande mmoja, akakataa kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Ndipo akaacha kula. Ndipo akavimba. Alilirudia jambo hilo kama mtu anayeogopa kwamba halijaingia.

"Umwana alianza kuumwa, dada," alisema. "Chakula kilifuata nyuma."

Nilimjibu sawa mama, mshike mkono asitikisike. Nilikuwa nimeshasikia visingizio vya kila aina, na hiki nikakiweka pamoja na vingine. Damu ikatoka, nikaizungusha kwenye mashine ili maji ya juu yajitenge, nikapima. Albumini ilikuwa chini sana. Nikaandika namba, nikatia sahihi, nikachukua penseli. NJAA. Sikufikiria hata muda wa kumeza mate. Maji ya damu yaliyobaki niliyaweka kwenye jokofu, kama tunavyofanya kwa kila sampuli, ili yakihitajika ndani ya wiki yawepo.

Mtoto alilazwa. Alianzishiwa maziwa ya tiba kwa vipimo, na dawa ya kunywa ambayo kila mtoto mwenye utapiamlo hupewa akiingia. Joto lake lilikuwa la kawaida. Miguu yote miwili ilikuwa imevimba, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo, na kwa hiyo hakuna aliyeangalia kama mmoja umevimba kuliko mwingine.

Kituo chetu kina desturi yake. Kila asubuhi, akina mama wenye watoto wa lishe wanakusanyika kwenye baraza ya wodi, karibu na masinki, kwa somo. Muuguzi wa lishe, mama mtu mzima wa hapahapa Kasulu, mchapakazi asiyejua kuchoka, husimama na faili. Mama aliyelazwa jana anainuka, anasema mtoto wake alikuwa anakula nini, na wenzake wanamrekebisha. Mwishoni wote wanampigia makofi. Wengi hujifunza kweli, na baadhi wanacheka na kuwa marafiki. Dirisha la maabara linatazamana na baraza hiyo, na nilikuwa na tabia ya kusimama pale na kikombe changu cha chai nikisikiliza.

Asubuhi iliyofuata aliinuka yeye. Alisema mtoto alikuwa anakula ugali wa mahindi na maharage, dagaa, ndizi, uji wenye karanga, na yai kuku wakitaga. Wanawake walitazamana. Muuguzi alifungua faili na kusema, kwa upole kabisa, kwamba mama asiogope kusema ukweli, kwa kuwa maabara imeshasema. Kisha akasoma kwa sauti: "Maabara imeandika njaa."

"Oya," yule mama alikataa kwa Kiha. "Si inzara, si njaa."

Wengine wakacheka. Mmoja, naye wa Rungwe Mpya, akasema kwamba yeye humwona gulioni na magunia ya maharage, basi labda maharage yote yanapandishwa gari la Kibondo na mtoto anabaki na muhogo. Mwenzake wa kijiji hichohicho akanong'ona kwa sauti iliyokusudiwa kusikika kwamba hawa walizoea kugawiwa mgao, kulisha watoto wenyewe hawajajifunza. Muuguzi alimkemea huyo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kisha wakampigia makofi, kwa kuwa ndiyo desturi.

Yeye alibaki amesimama hadi makofi yakaisha. Alikuwa anatazama ile faili. Mimi nilikuwa dirishani na chai yangu, na ninachotaka kukisema bila kukipaka sukari ni kwamba niliridhika. Nilisema moyoni, afadhali ameambiwa.

Alasiri hiyo kitanda chake kilikutwa kitupu, shuka zimekunjwa vizuri. Aliondoka na mtoto bila kuaga. Muuguzi alisikitika, akaandika kwenye faili kwamba mama ametoroka, na sote tukakubaliana kwamba mwenye kosa hakai.

Siku mbili baadaye gari lililotoka Kibondo lilituletea boksi jipya la vitendanishi vya CRP. Nilifurahi. Boksi jipya huwa halianzi kazi kabla ya kujaribiwa. Linakuja na vichupa viwili vya kulinganishia, kimoja cha damu inayojulikana kwamba itaonyesha ugonjwa, kingine cha damu isiyoonyesha kitu. Kile cha kwanza kilikuwa kizima. Cha pili kilikuwa kimevuja njiani, kimebaki kikavu.

Nikafanya ambavyo mafundi wa maabara wa vituo vidogo hufanya wakikwama. Nilifungua jokofu nitafute sampuli ambayo nina uhakika nayo kwamba haina CRP, niitumie badala ya kile kichupa. Na ile niliyokuwa na uhakika nayo kuliko zote ilikuwa ya mtoto wa Rungwe Mpya. Njaa tupu, nilisema. Hata homa hakuwa nayo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unadondosha tone la maji ya damu kwenye kadi nyeusi, unaongeza tone la kitendanishi cheupe, unakoroga kwa kijiti, unaizungusha kadi taratibu mkononi. Kama hakuna kitu, mchanganyiko unabaki laini. Kama CRP ni nyingi, unakatikakatika kama maziwa yaliyochacha. Huu ulikatika kabla sijaanza kuhesabu dakika.

Nikalaumu boksi. Nilisema limepigwa jua njiani. Nikachukua damu yangu mwenyewe, nikaipima kwa kitendanishi kilekile, ikabaki laini. Nikachukua nusu kichupa cha zamani nilichokuwa nakibania, nikapima tena ya mtoto. Ikakatika. Nikaichanganya na maji ya chumvi mara mbili, mara nne, mara nane, nikiwa bado natafuta mahali itakapokataa. Iliendelea kukatika. Nikaiweka kadi mezani kwa sababu nilikuwa namwaga.

Nilimfuata tabibu chumba cha upasuaji, nikamweleza. Hakunifokea, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliuliza kama mtoto alikuwa na mahali panapouma. Nikasema mama alisema mguu wa kushoto, alikataa kuukanyaga. Akaniuliza kwa nini yeye hakuambiwa. Aliyeambiwa ni mimi.

"Mimi nilisoma njaa," alisema. "Nikaendelea na wodi ya wazazi."

Nikaomba ruhusa nikakodi pikipiki na dereva wake. Kutoka kwetu hadi Rungwe Mpya ni kama saa moja barabara ikiwa kavu, na siku ile haikuwa kavu. Tope jekundu lilinifika magotini. Njia nzima nilikuwa nafanya hesabu ya siku: siku aliyotolewa damu, siku ya somo na kutoroka, jana, leo. Mwili ule mdogo umepigana peke yake siku zote hizo, na maziwa yetu juu yake. Niliogopa kwamba nitakuta wanawake wameketi nje kwenye mikeka.

Nilimkuta uani anapepeta maharage. Nyumba ya matofali, bati jipya, kuku wanazunguka miguuni. Kwenye turubai kulikuwa na maharage ya kutosha ukoo mzima, na kwenye ungo dagaa wanaanikwa. Nilikiona chakula chote alichokitaja siku ile barazani, kimoja baada ya kingine, hadi karanga. Mtoto alikuwa amelala kwenye kivuli cha ukuta, macho nusu wazi, anapumua harakaharaka. Yuko hai. Nilitaka kukaa chini palepale.

Yule mama alinipokea. Alinitolea kiti, akaninawisha, akaniletea mahindi ya kuchemsha. Huku huwezi kufika kwa mtu ukaachwa umesimama, hata kama umemuudhi. Nilishika lile hindi, sikuweza kulila. Nikamwambia kwamba mtoto ana ugonjwa uliojificha, nimeuona kwenye damu, na kwamba lazima turudi sasa hivi.

"Nilikwambia siku ya kwanza," alisema.

"Ndiyo, mama. Uliniambia."

"Ile njaa iliandikwa na nani?"

Ningeweza kusema maabara. Nilikuwa nimelifikiria njiani, nikakiri moyoni kwamba maabara ni neno kubwa, mtu anaweza kujificha ndani yake. Lakini mtoto alikuwa anapumua vile.

"Niliandika mimi."

Alimfukuza kuku aliyesogelea maharage. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba watu wa pale wanamwita mkimbizi wakati kadi yake ya uraia iko kabatini. Kwamba yeye na mume wake wamelima, wamejenga, wamechanga shule na kanisa kama wengine, na jina lile lilikuwa limeanza kusahaulika. Sasa wale wanawake wawili wa wodini wametuma salamu nyumbani, na jana kwenye bomba la maji ameitwa mama wa inzara. Alisema mume wake amekwenda kulima shamba la mbali, hataki kukutana na watu.

Nikasema nisamehe. Nikasema tena kwamba mtoto lazima arudi.

"Nikirudi watanisimamisha tena pale."

"Hawatakusimamisha."

"Basi simama wewe," alisema. "Neno ulilisema mbele ya watu. Ulitoe mbele ya watu, kabla hatujatoka pale. Utafanya?"

"Nitafanya."

"Kabla hatujatoka."

"Kabla hamjatoka, mama. Nakuahidi."

Alimbeba mtoto, akafunga mlango, akapanda pikipiki nyuma ya dereva, mbele yangu. Tulibanana watatu na mtoto hadi kituoni.

Tabibu alimpapasa mtoto mguu wa kushoto taratibu, kutoka kwenye goti kupanda juu. Akafika mahali kwenye paja mtoto akalia kilio ambacho hakikuwa kilio cha udhaifu. Lilikuwa jipu, ndani kabisa ya msuli, limefunikwa na ule uvimbe wa maji. Alilipasua mchana huohuo. Sikuwa na sababu ya kuwepo, lakini nilisimama mlangoni, nikaona usaha ukitoka kiasi ambacho sikuamini kwamba kilikaa kwenye paja lile. Wakamwanzishia dawa za sindano. Siku mbili hatukujua ataelekea wapi. Siku ya tatu aliomba maziwa mwenyewe, kwa kunyoosha mkono.

Nilimpima tena na tena wiki zilizofuata. CRP ilishuka kwanza. Albumini ilichelewa, kama kawaida yake, kisha nayo ikaanza kupanda. Maji yalitoka miguuni, ikabaki miguu miembamba ya mtoto aliyeugua. Ninapoandika majibu sasa naandika namba tu, na manesi wakija dirishani nawapeleka kwa tabibu. Penseli niliiacha siku ileile. Ilikuwa rahisi kuiacha.

Kilichokuwa kigumu ni kutoka nje ya mlango wangu na kwenda hatua ishirini hadi barazani. Kila asubuhi somo lilianza, na kila asubuhi yeye aliketi mbele, mtoto mapajani, akilitazama dirisha langu. Hakuwa anatazama kwa hasira. Alikuwa anasubiri. Na mimi kila asubuhi nilipata kazi. Nilikagua joto la jokofu. Nilisafisha hadubini ambayo haikuwa chafu. Niliacha kunywa chai dirishani. Nilijiambia kwamba ni vizuri nisubiri mtoto apate nafuu kabisa. Alipopata nafuu nilijiambia kwamba nizungumze kwanza na muuguzi wa lishe, asije akaona nimemdhalilisha. Sikuzungumza naye. Wale wanawake wawili wa Rungwe Mpya walikuwa bado wapo, wananong'ona, na nilifikiri: nikisema hili, kuanzia kesho ni nani atakayeamini karatasi inayotoka kwangu. Nilikuwa nailinda heshima yangu, na nilikuwa namwona aliyeilipia.

Siku ya kuruhusiwa alikuwa amefunga mizigo tangu alfajiri. Alikaa kwenye somo hadi mwisho. Watu walipotawanyika alibaki peke yake kwenye benchi, pikipiki imeshafika getini, dereva anamwita. Akaja hadi mlangoni kwangu. Nilikuwa nimeinama juu ya daftari, naandika namba za jana kwa mara ya pili.

"Tunakwenda, dada," alisema.

Nikasema safari njema. Nikasema asikose kumleta mtoto kliniki baada ya wiki mbili, apimwe uzito na unene wa mkono, achukue chakula dawa, maana mtoto wa namna hii akiachwa hurudi chini haraka. Nilisema mambo mengi, yote ya kweli. Yeye alisimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akamrekebisha mtoto mgongoni akaondoka.

Baada ya wiki mbili hakuja. Wiki mbili nyingine zikapita, hakuja. Simu yake iliita bila kupokelewa. Kwenye kikao cha asubuhi muuguzi wa lishe alisema, kwa huzuni ya mtu aliyejitahidi, kwamba ndivyo walivyo baadhi ya akina mama, unamponyeshea mtoto na bado hajali. Akachukua kalamu aandike hivyo kwenye faili. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Nikamwomba asiandike, nikamweleza yote, na nikamwomba anipe nafasi kwenye somo.

Nilisimama barazani kesho yake. Sauti ilikuwa ndogo, lakini nililisema lote. Nilisema palikuwa na mama hapa aliyesomewa neno la njaa mbele ya watu, na neno lile nililiandika mimi, na lilikuwa la uongo. Nilisema mtoto wake alikuwa analishwa vizuri. Nilisema alinieleza ugonjwa tangu mwanzo na sikumsikiliza kwa sababu nilijifanya najua. Nilipomaliza, wanawake walinipigia makofi. Ndiyo desturi. Nilijisikia mwepesi kiasi cha kuona aibu.

Bibi mmoja aliyetoka Kumsenga kumuuguza mjukuu wake aliinua mkono. Alikuwa na swali.

"Huyo mama yupo hapa?"

Nikasema hayupo, bibi, alisharudi kwake.

"Na hao waliomsikia akisemwa?"

Niliwatazama waliokuwa kwenye mabenchi, uso kwa uso. Wale wawili wa Rungwe Mpya walikuwa wameruhusiwa wiki kadhaa nyuma. Wengine wote walikuwa wageni wa wodi, hakuna hata mmoja aliyekuwepo siku ile.

"Hawapo," nilisema.

"Basi mwanangu," bibi alisema, akimfunika mjukuu wake, "bado hujasema."

Hiyo ilikuwa kabla ya mavuno. Sasa maharage yameshaingia ndani na barabara ni kavu. Nimepanga kwenda Rungwe Mpya mara tatu. Mara ya mwisho nilifika hadi kwa waendesha pikipiki, nikaulizwa naenda wapi, nikasema sokoni. Naogopa lile bomba la maji, na wanawake watakaokuwa pale na ndoo zao wakinisikiliza. Mtoto hajaletwa kliniki hata mara moja. Sijui ana kilo ngapi leo.